Mto mwembamba, daraja la mita 390: kwa nini Jangwani haitoshi kukarabati?

*"Shikamoo mhandisi. Naishi Magomeni Mapipa, duka langu liko Kariakoo, kwa hiyo Jangwani napita kila siku na kila masika nakwama. Sasa tunaambiwa linakuja daraja jipya la mita 390. Mto wenyewe kiangazi mtoto anauvuka bila kulowa magoti. Kwa nini wasichimbe mchanga, au waliinue hili lililopo? Au ndiyo kusema hili limechoka na tunapita juu ya hatari? Na kama ni lazima lijengwe jipya, si bora wafunge barabara miezi michache wamalize, kuliko kututesa na foleni miaka? La mwisho: mama mkubwa ana nyumba Kigogo karibu na bonde. Ukuta una ufa, lakini jirani anamwambia atulie, daraja likiisha mafuriko nayo basi. Ni kweli?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi, ila mzizi wake naona ni mmoja: unalipima daraja kwa kuutazama mto wa Agosti. Huko peke yako. Mtu akisimama Jangwani mwezi huo, akauona ule mkondo mwembamba wenye mifuko ya plastiki, halafu akasikia mita 390, lazima ashtuke. Mhandisi wa madaraja yeye anautafuta mto wa siku ile mbaya kuliko zote. Anachukua kumbukumbu za mvua, alama za maji kwenye kuta na ushuhuda wa wazee, kisha anauliza maji yalifika wapi. Pale Jangwani jibu liko wazi kwa kila mwenyeji: siku hiyo mto ni bonde zima, kutoka mteremko wa Magomeni hadi upande wa Fire, kuelekea mjini.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kumwaga baharini pale kwenye daraja la Salenda. Mwaka 1978 sensa ilihesabu watu wapatao 843,000 Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Kila aliyeongezeka alihitaji paa, ua wa sementi na barabara ya kufikia kwake. Mvua iliyokuwa ikinyesha kwenye mashamba na vichaka, nusu ikanywewa na ardhi na nusu ikajikokota siku nzima kufika mtoni, leo inadondoka kwenye bati, inaingia mfereji na kufika Jangwani ndani ya saa chache. Mvua inaweza kuwa ileile ya zamani, lakini maji yanafika mengi kwa mpigo. Desemba 2011, katika mvua zilizoelezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini.

Sasa tazama barabara ya Morogoro inavyokatiza bonde hilo. Sehemu kubwa imelala juu ya tuta la udongo, na maji yameachiwa uwazi mfupi chini ya daraja. Enzi zile ulikuwa uamuzi wa akili: mita moja ya daraja ni ghali mno kuliko mita moja ya tuta, na maji ya wakati ule yalitosha kupita. Leo tuta lile limekuwa bwawa ambalo hakuna aliyekusudia kulijenga.

Bonde la mamia ya mita likilazimishwa kupita kwenye uwazi mdogo, mambo mawili hutokea pamoja. Kwanza, maji yanajaa nyuma ya tuta, upande wa Kigogo, mpaka yapate kimo cha kusukuma au yapande juu ya lami. Pili, yale yanayopita chini yanapita kwa kasi kali, kama ulivyobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole. Na kasi ndiyo inayotutisha sisi wa kazi hii kuliko kina. Kuna hesabu ya zamani ya mito inayosema kasi ikiwa mara mbili, uzito wa jiwe ambalo maji yanaweza kulisukuma unakuwa mara 64. Maji ya namna hiyo yakifika kwenye nguzo yanagawanyika, yanajipinda kwenda chini na kuchimba mchanga kuizunguka nguzo. Madaraja mengi duniani yanayoanguka huangushwa na mchimbo huu wa chini kuliko uzito wa magari ya juu.

Kwa hiyo mita 390 ni upana wa njia ya maji ya siku mbaya. Kiangazi sehemu kubwa ya daraja itakuwa inapita juu ya nyasi. Watu watacheka, na wacheke tu.

Tuje kwenye kuchimba mchanga. Kumefanyika mara nyingi, umeyaona makatapila mwenyewe, na kunasaidia kwa msimu. Lakini fikiria mchanga ule unatoka wapi. Mto unaporomosha kingo zake tangu huko juu, kwenye miteremko iliyokatwa miti na machimbo ya mchanga wa kujengea. Unakuja na maji yenye kasi, na maji hayo yakikutana na bwawa la tuta yanapungua mwendo, na maji yaliyopungua mwendo yanatua mzigo. Yanautua palepale ulipotoka kuchimba. Kitanda cha mto kinapanda, uwazi chini ya daraja unapungua, na mwaka unaofuata mvua ndogo kuliko ya jana inatosha kufunga barabara. Ukichimba bila kuliondoa tuta, umemwandalia mto shimo jingine la kujaza.

Halafu kuna bahari, na hili husahaulika. Kutoka Jangwani hadi Salenda ni karibu, mteremko ni mdogo sana, na katikati kuna mikoko. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukichimba mto chini kupita kiwango cha maji kujaa, shimo lako litajazwa na bahari kabla mvua haijanyesha. Mvua kubwa ikigongana na maji makuu, mto hauna pa kwenda hata uwe na kina gani. Kinachobaki ni kuupa upana.

Na kuliinua lililopo? Kiufundi inawezekana. Sakafu ya daraja inaweza kunyanyuliwa kwa jeki za haidroli, nguzo zikaongezwa urefu. Lakini huwezi kuinua daraja ukaliacha tuta chini. Nalo itabidi lipande. Hapo utakuwa umelijenga bwawa lile upya, safari hii refu zaidi. Leo mafuriko yakizidi, maji yanaruka juu ya lami kuelekea baharini. Inakuudhi wewe wa dukani, lakini ndiyo pumzi ya watu wa juu. Ukilinyanyua tuta bila kupanua uwazi, wewe utapita mkavu kwenda Kariakoo na maji uliyoyakwepa yatalala sebuleni kwa mama mkubwa. Mtu akikuletea pendekezo la "kuinua tu barabara", muulize hapohapo: na uwazi unaongezeka mita ngapi?

Swali lako la hatari nalichukua kwa uzito, lakini naomba tutenganishe mambo. Daraja huzeeka kwa njia tatu, na miaka si mojawapo. Linazeeka kwa mwili: chumvi na hewa zinapenya kwenye zege, nondo zinashika kutu, na kwa kuwa kutu inahitaji nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma chenyewe, zege linapasuka kutoka ndani na kubanduka. Linazeeka kwa mzigo: lori linaloruhusiwa leo Afrika Mashariki linafika tani 56 kwa ekseli 7, na madaraja mengi yaliyojengwa nusu karne iliyopita yalipigiwa hesabu ya magari mepesi zaidi. Na linazeeka kwa maji, yaani mto unalizidi kimo na upana wakati zege lake bado ni zima.

Jangwani ni mzee wa aina hii ya tatu, na ndiyo maana hata ukiona ufa ukingoni mwake, ufa huo si sababu ya kulibadilisha. Aina ya kwanza na ya pili zina tiba. Zege bovu linachongwa na kupigwa jipya, nguzo zinavalishwa koti la zege na nondo, beringi chini ya mihimili zinabadilishwa, misingi inalindwa kwa mawe na gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Ukinipa daraja lenye maradhi ya mwili tu, mara nyingi nitakushauri ukarabati; ni nafuu, na anayekimbilia kubomoa kila kilichochakaa anamaliza hela za umma. Lakini hakuna koti la zege linaloongeza upana wa uwazi. Daraja lililozidiwa na mto, hata ulipake rangi mpya kila Uhuru, masika ijayo litafungwa.

Kiangazi, barabara ikiwa wazi na vyombo vinavyohusika havijatoa katazo, pita bila kuwaza. Mvua ikinyesha ndipo nakuomba uwe mkali. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuielesha gari ndogo. Sentimita 60 zinachukua gari nyingi, zikiwemo zile za juu ambazo wenye nazo hujiona wameokoka. Na usidhani hatari inaisha maji yakipwa. Shimo linalochimbwa chini ya nguzo wakati wa mafuriko hujazwa tena na mchanga laini maji yanaposhuka. Anayetazama asubuhi yake anaona kitanda cha mto kimetulia, kumbe msingi umesimama kwenye mchanga usiobeba kitu. Polisi na watu wa TANROADS wakiendelea kuzuia magari wakati lami imeshakauka, madereva wa bodaboda huanza kelele. Wana sababu ya kuzuia. Mhandisi anatakiwa achome fimbo au apime kabla ya kusema "piteni".

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika sehemu kadhaa, ikiwemo Somanga, na kusini ikatengwa na jiji kwa siku kadhaa. Kilichobebwa sana na maji ni matuta na makalavati, sehemu zile ambako maji mengi yalipewa tundu dogo.

Hili la kufunga barabara ili kazi iishe haraka nalisikia kila mahali, na lina ukweli ndani yake. Minneapolis, Marekani, daraja la barabara kuu lilianguka tarehe 1 Agosti 2007 wakati wa saa za foleni, watu 13 wakafa. Lilikuwa kwenye ukarabati na vifaa vizito vimerundikwa juu yake, na bamba za kuunganishia chuma zilikuwa nyembamba tangu kwenye mchoro. Jipya likafunguliwa Septemba 2008, miezi 13 na kitu. Genoa, Italia, lilianguka Agosti 2018 na kuua watu 43. Mrithi wake akafunguliwa Agosti 2020. Hizo ni kasi za kuonea wivu. Ila wenzetu hao hawakuwa na gari hata moja la kupisha pale mahali, walifanya kazi usiku na mchana, na fedha zilikuwepo siku ya kwanza.

Sisi ukifunga Jangwani yote, mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara yatapita wapi? Njia zilizobaki za kuvuka Msimbazi ni chache: Kigogo, ambako nako hufurika, Salenda na Daraja la Tanzanite kule baharini, au uzunguke kwa barabara ya Mandela kisha ya Nyerere. Unachukua foleni ya Magomeni na kuipeleka Salenda asubuhi, wakati Salenda haina nafasi hata ya foleni yake. Kwa maoni yangu, njia ya haki ni kujenga pembeni au nusu kwa nusu huku barabara ikiwa wazi, kama ilivyofanyika Ubungo kabla ya zile barabara za juu kufunguliwa 2021. Inachelewesha, na inamtesa mwenye duka kama wewe. Nafuu utakayoidai ni usimamizi: njia za mchepuko ziwekwe lami kabla kazi haijaanza, malori yapangiwe saa za usiku, watembea kwa miguu wapewe kivuko chao chenye taa. Mambo hayo huwa yameandikwa kwenye mikataba na huwa ya kwanza kusahaulika. Yaulizieni kwenye mikutano ya mtaa.

Muda wenyewe unaliwa na kitu usichokiona. Udongo wa bonde lile ni tope na mchanga wa mto, hivyo kila nguzo ya juu inasimama kwenye nguzo nyingine zilizozamishwa chini sana kutafuta ardhi ngumu. Kazi hiyo inataka ukavu. Tuna vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika kuanzia Machi hadi Mei. Dirisha la uhakika ni Juni hadi Septemba. Mkandarasi akichelewa kuingia miezi miwili tu, kwa sababu ya fidia au msamaha wa kodi wa vifaa, anaweza kulikosa dirisha lote na mradi ukasogea karibu mwaka. Ukitaka kujua mradi unakwendaje, usihesabu asilimia zinazotangazwa. Nenda Julai ukatazame kama mitambo ya kuchimbia nguzo iko bondeni.

Sasa jirani wa mama mkubwa. Amesema nusu. Uwazi mkubwa utapunguza maji yanayorundikana nyuma ya tuta, kwa hiyo mafuriko ya kawaida upande wa juu yanatarajiwa kushuka kimo na kuondoka haraka. Lakini daraja halizuii mvua, wala halizuii mchanga wa Pugu, wala taka. Ndiyo maana mradi mzima wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, umebeba mambo zaidi ya daraja: kuhamisha watu walio kwenye hatari kubwa, kupanua mto na kuunda upya bonde. Ukijenga daraja peke yake, baada ya miaka kadhaa utakuwa na daraja refu zuri lililosimama juu ya mchanga unaopanda. Tena hata daraja lililopigiwa hesabu ya mafuriko yanayotarajiwa mara moja kwa miaka 100 halina kinga ya miaka 100. Katika miaka 50, uwezekano wa kuyaona mafuriko hayo au makubwa zaidi ni karibu asilimia 40. Mama mkubwa asiweke friji chini akitegemea zege la Jangwani.

Kuhusu ule ufa wake, hapa barua haitoshi. Ufa mwembamba wa kwenye plasta na ufa unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha hadi msingi ni mambo mawili tofauti, na hakuna mtu mwadilifu atakayekuambia ni upi bila kuuona. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, afike. Usingoje kama ufa unapitisha sarafu, kama mlango ulioanza kukwama haukuwa ukikwama, au kama upande mmoja wa nyumba unazama baada ya kila mvua. Hapo walale kwa ndugu kwanza, mhandisi aje wakiwa nje. Na kabla mitambo haijaanza kutikisa bonde, piga picha kila ukuta, ndani na nje, ukiweka rula kwenye ufa na tarehe ionekane. Mpeleke nakala mwenyekiti wa serikali ya mtaa, apige muhuri. Bila hizo, siku ufa ukiongezeka mtabishana na mkandarasi bila ushahidi.

Kama nyumba iko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ajue Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haiko upande wake kirahisi, na aulize mapema anahesabiwa vipi kwenye mradi. Akifanyiwa uthamini asisaini karatasi asiyoielewa. Asome kila mstari, ahakikishe kuna posho za usumbufu, usafiri na makazi, sio bei ya tofali tu. Chini ya sheria ya uthamini ya 2016, ripoti ina uhai wa miaka 2, na fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 inaanza kudai riba. Asipokubaliana na kiasi, kuna dawati la malalamiko la mradi, na baada ya hapo mthamini binafsi na wakili. Aende na hati au barua ya mauziano, kitambulisho, na mtu mmoja wa kumsindikiza anayeweza kusoma mahesabu. Nadhani huyo ni wewe.